Waliosali Kibla Kimoja na Waliowapora

Wazigua wa mto Juba, kusini mwa Somalia, hawasimulii kwamba babu zao walitekwa kwa bunduki. Wanasimulia njaa. Katika miaka ya 1830 ukame uliipiga nchi ya Uzigua, hii tunayoiita leo Handeni, Kilindi na sehemu za Pangani na Korogwe. Mtama ukakauka ungali shambani, watu wakashuka pwani kutafuta chochote cha kutia mdomoni. Huko pwani wakaambiwa kuna nchi kaskazini yenye kazi na chakula. Waende wakalime, mvua zikirudi nao watarudi. Wakapanda majahazi kwa miguu yao wenyewe. Waliposhushwa Barawa, Marka na Mogadishu wakakuta wameshauzwa.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nimefundisha historia katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na habari hii haikuwamo katika kitabu hata kimoja nilichopewa nifundishie. Niliisikia kwa wajukuu na vitukuu wa wale waliopanda majahazi, waliporudi huku wakiwa wakimbizi, zaidi ya miaka 150 baadaye. Tangu hapo sijaacha kuwauliza wazee wao jambo moja: mtu anawezaje kuteswa kizazi baada ya kizazi na bado akajua yeye ni nani? Majibu waliyonipa yalirudi daima kwenye mambo mawili, dini na ngoma. Na katika kusikiliza nikagundua kwamba mambo hayo hayo yaliyowashika mkono ndiyo pia yaliyowatia jeraha.

Nianze na upande wetu, maana si haki kuwalilia wenzetu huku tumejificha. Katika karne ya 19 Wazigua waliuzwa, na Wazigua waliuza. Kisabengo, aliyejenga ngome yake pale palipokuja kuwa Morogoro, alikuwa Mzigua, na watu wa jirani walimwogopa. Bunduki zilipoenea kutoka Saadani na Pangani, wenye nazo waliwawinda wasio nazo. Tena palikuwa na desturi ya rehani: njaa ikibana, mzazi alimkabidhi mtoto kwa mtu mwenye akiba ya nafaka ili apate cha kupika, akitumaini kumkomboa baada ya mavuno. Desturi hiyo iliokoa roho nyingi. Lakini soko la watumwa lilipokuwa karibu, mwenye nafaka hakuwa na haja ya kungoja mavuno, na mtoto wa rehani akaishia jahazini. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba mila zetu za kale zilikuwa ngao tupu, naikumbuka rehani.

Katika mashamba ya mto Shebelle, Wazigua walikutana na Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wazaramo, wote wameletwa kwa njia ya bahari kulima pamba, ufuta na mtama wa mabwana wao. Hapo ndipo masimulizi yanapomleta Wanankhucha. Alikuwa mwanamke, na alikuwa na kipaji cha kuona yasiyoonekana kwa wengine. Ndiye aliyewakusanya Wazigua wakatoroka kwa wingi, nia yao ikiwa kutembea kwa miguu mpaka nyumbani. Walipofika bonde la Juba ardhi ikatetemeka. Wanankhucha akasema hiyo ni ishara, safari iishie hapo. Wakatua, wakafyeka msitu, wakapanda.

Mwanahistoria atauliza kama kweli ardhi ilitetemeka. Mimi nauliza kitu kingine. Watu waliotoroka utumwani, wenye njaa, wenye watoto mgongoni, wanaambiwa kwamba hawataiona tena nchi ya mama zao. Nani angeweza kuwaambia hivyo wakakubali? Mtu mwenye upanga asingeweza. Aliweza mwanamke aliyeaminiwa kwamba anasema na mizimu, kwa sababu katika mila yetu mizimu ikikubali mahali, mahali hapo ni kwenu. Huzuni ya kutorudi iligeuzwa kuwa agano na ardhi mpya. Bila imani hiyo nadhani wangekufa njiani, au wangerudi mashambani kujisalimisha.

Msitu ule wenyeji waliuita Gosha, na mbung'o walikuwa wengi mno, hivyo wafugaji hawakuthubutu kuingiza ng'ombe. Mdudu huyo aliwalinda wakimbizi kwa miongo kadhaa. Vijiji vya mwanzo vilipangwa kwa asili: hapa Wayao, kule Wamakua, chini zaidi Wazigua. Mwishoni mwa karne akainuka Nassib Bundo, anayesimuliwa kuwa Myao, akawa mkubwa wa Gosha nzima, akawasiliana na Zanzibar na wakubwa wengine kama mtawala kamili. Wakoloni wa Kitaliano walimfunga, akafia gerezani Mogadishu mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa tufike kwenye dini, maana hapa ndipo penye uzito.

Watu wa Gosha waliingia Uislamu kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ni dini ya wale wale waliokuwa mabwana wao. Watu wengine hushangaa, na wengine huwalaumu. Mimi siwalaumu hata kidogo. Sheria ya Kiislamu inakataza kumtia Mwislamu utumwani. Kwa mtu anayewindwa, shahada ilikuwa pia hati ya uhuru. Zaidi ya hayo, waliowafikia hawakuwa makadhi wa mijini. Walikuwa masheikh wa tarika za Kisufi, Kadiria na Ahmadiya, walioanzisha jumuiya za wakulima kando ya mito, ambako mtu alipewa kiwanja, jembe na uradi bila kuulizwa ni mwana wa nani. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, hakuwa wa ukoo wa kifahari, na Kadiria aliyoieneza ilipokelewa na wanyonge kila ilikopita. Msomaji wa Unguja au Bagamoyo anayesimama kwenye dhikri ya Kadiria leo anavuta pumzi ile ile iliyovutwa Juba. Sheikh huyo alikuja Zanzibar enzi za Sayyid Barghash, na makhalifa wake wakaifikisha tarika bara.

Ndani ya dhikri mtumwa na mtoto wa mtumwa walipata safu. Bega kwa bega, hakuna aliye mbele ila imamu. Ila walipotoka nje ya msikiti mambo yakabaki yalivyokuwa. Koo za Kisomali zilizojiona bora hazikuwaoza binti zao. Waliitwa jareer, watu wa nywele ngumu. Waliitwa adoon, yaani watumwa, na aliyeitwa hivyo aliweza kuwa amehifadhi Kurani nzima. Mzee mmoja wa Chogo, makazi waliyopewa waliorudi huku, aliniambia kwamba tusi la kafiri lisingemuuma kama la mtu waliyetoka kufuturu naye sinia moja. Nimelifikiria sana neno lake. Adui wa dini nyingine unaweza kumweka nje ya dunia yako ukapumua. Aliyekupora akisali kibla kimoja na wewe, huna pa kumweka. Kila unaposema amina, naye yumo.

Basi walifanya nini? Wanaume wengi wa Gosha walijiunga na koo za Kisomali kama watu wa himaya, wakachukua nasaba ya walinzi wao. Kwa Msomali nasaba hupita kwa baba, na mtu hujitambulisha kwa kutaja babu zake mmoja baada ya mwingine. Mwana wa Juba akajifunza kutaja babu wasio wake. Ilikuwa busara ya maisha, kwa sababu bila ukoo huna wa kukudaia fidia ukiuawa. Kwa upande wa baba, basi, Uzigua na Uyao vikaanza kufutika.

Kwa upande wa mama havikufutika. Hapa ndipo ilipokuwa kazi ya mviko.

Mviko ni ngoma na taratibu za mizimu zinazorithiwa kwa mama. Binti hupokea za mama yake, naye humpa binti yake, na mwenye ngoma fulani anajulikana ametoka kwa watu gani. Nilikaa na bibi mmoja wa Chogo akichagua mbegu za mahindi kwenye ungo. Zilizotobolewa na dumuzi alizitupia kuku, nzima alizipaka majivu akazitia kwenye chupa ya plastiki. Mikono ikifanya hivyo, mdomo ulikuwa ukitaja majina: mama yake, mama wa mama yake, na kuendelea nyuma, mpaka kwa yule aliyepanda jahazi Pangani. Kwa kila jina alitaja na ngoma yake, na mara mbili alisimama akaimba kidogo ili anionyeshe. Adhana ya alasiri ilipoita aliacha ungo, akatawadha kwa kopo, akasali palepale kwenye mkeka. Alipotoa salamu akarudi kwenye mbegu na kwenye jina alipokuwa ameishia. Nilimwuliza, bibi, masheikh hawakatazi mambo haya? Akanijibu kama mtu anavyomjibu mwanafunzi mzito, kwamba Mungu ni wa wote, lakini mama yake ni wake.

Wapo masheikh waliokataza, na wapo vijana wao leo wanaoona haya. Mimi naamini mviko ulifanya kazi ambayo dini peke yake isingeweza. Dini iliwapa subira na kadari: yaliyokupata yameandikwa, na malipo yako kwa Mungu. Ni faraja kubwa, nimeiona ikiwasimamisha watu waliofiwa na kila kitu. Lakini kadari haikwambii wewe ni wa nani. Mviko ulimwambia mwanamke wa Gosha kwamba kabla ya kuwa mtumwa wa fulani, watu wake walikuwa na kwao, na kwamba magonjwa na misiba iliyowapata si kwa sababu wao ni watu duni. Mgonjwa aliyechezewa ngoma alipewa jina la kinachomsumbua, na jina hilo lilikuwa la mtu wake, wala si la bwana wake.

Karne ya 20 nitaipita haraka, ingawa haikuwapita haraka wao. Waitaliano walipogawiana ardhi ya bonde kwa ajili ya ndizi, waliwakusanya watu wa Gosha kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba yao, hasa kuanzia miaka ya 1930, mpaka Waingereza walipowafukuza mwaka 1941. Uhuru ulikuja mwaka 1960. Mwaka 1975 serikali ya Siad Barre ilitunga sheria kwamba ardhi yote ni ya dola na mkulima sharti aandikishe shamba lake. Wenye nauli ya Mogadishu na rafiki ofisini ndio walioandikisha, mara nyingi shamba la mtu mwingine. Mkulima akajikuta kibarua kwenye shamba alilofyeka babu yake. Vijana wakawa wanakamatwa barabarani na kupelekwa jeshini.

Mwaka 1991 dola ikaanguka, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba nasaba ya kuazima haikuwa na uzito. Katika vita vilivyofuata kila mtu alilindwa na bunduki za ukoo wake. Damu ya mtu ilikuwa na wa kuidai. Wakulima wa Juba hawakuwa na jeshi, na koo zilizowapa himaya hazikuona sababu ya kufa kwa ajili yao. Majeshi yalipita bondeni yakienda na kurudi, kila kundi likachukua chake. Mahindi ya akiba huko hufukiwa kwenye mashimo ardhini. Wanamgambo waliwalazimisha wenye mashimo kuyaonyesha, na aliyesita aliuawa mbele ya watoto wake. Katika njaa ya 1992 waliokufa kwa wingi walikuwa watu wa kati ya mito miwili, nchi yenye rutuba kuliko zote Somalia.

Waliobaki walitembea hadi mpaka wa Kenya, wakaingizwa Liboi, kisha Ifo, Dagahaley na Hagadera kule Dadaab. Wengine walifika kwa bahari, wakawekwa Marafa, karibu na Malindi. Ndani ya kambi walikuta waliowakimbia nao ni wakimbizi. Wanawake walipokwenda porini kutafuta kuni walivamiwa na kubakwa. Wakazungushia sehemu zao uzio wa miiba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wazee wa kiume hawapendi niliseme. Mila iliwafunga hawa wanawake midomo. Aliyebakwa alihesabiwa amechafuliwa. Mume angeweza kumwacha, binti angekosa mchumba, kwa hiyo alirudi na mzigo wake wa kuni, akapika, akanyamaza. Dini nayo ilitumiwa kumwambia anyamaze, kwa kisingizio cha kusitiri. Kusitiri ni jambo jema anapositiriwa aliyeonewa. Pale alisitiriwa mkosaji. Vivyo hivyo na ukeketaji wa kushona, ambao familia nyingi za Gosha ziliuchukua kwa majirani zao wafugaji ili binti zao wasidharauliwe: maumivu waliyoyaingia kwa hiari wakitafuta kukubaliwa, na hawakukubaliwa. Wafanyakazi wa misaada walikuja na karatasi za maswali kuuliza habari za ndoto mbaya na usingizi. Wanawake walionisimulia habari hizo walisema walijibu hapana, hapana, hapana, kisha usiku wakacheza ngoma mpaka wengine wakaanguka, na huko ndiko walikolia. Anayetaka kujua kama watu wameumia, na asijue wanalilia wapi, atarudi na karatasi tupu.

Ombi lao la kwanza lilikuwa kurudi Tanzania. Serikali ilionyesha nia njema, lakini mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda wakavuka mto Kagera na jambo likakwama. Msumbiji nayo ilikubali ikaghairi. Mwaka 1999 Marekani ikawatambua kuwa kundi linalostahili kupokewa. Mwaka 2002 wakasafirishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma, upande wa pili wa Kenya, ili wahojiwe kwa usalama, na kuanzia 2003 zaidi ya 12,000 wakasafiri. Wapo leo Lewiston katika jimbo la Maine, wapo Columbus, wapo Tucson. Huko ngozi yao na msikiti wao vimewapa shida mpya, lakini Mwafrika Mmarekani hajui jareer ni nani, na hilo peke yake, mama mmoja alinisimulia kwa simu, ni pumziko.

Waliofika Tanzania moja kwa moja walipokewa Handeni, kambi ya Mkuyu, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wakapewa mashamba, kisha wengi wakapewa uraia. Walizungumza Kizigua, na wazee wetu walikwenda kuwasikiliza, kwa sababu kilikuwa Kizigua cha bibi zao. Wapo waliokumbatiana wakalia. Na wapo wenyeji, nasema kwa uchungu, waliowaita Wasomali. Kule watumwa, huku wageni. Kilichowaokoa tena ni mambo yale yale mawili: msikiti, kwa sababu Wazigua wengi ni Waislamu na hakuna aliyeweza kuwaambia hapa si pao, na ngoma, kwa sababu matambiko yao na yetu yalijibizana.

Huko Juba kwenyewe hali ni mbaya. Jilib na vijiji vingi vya bonde vimekuwa mikononi mwa wapiganaji wa Al-Shabaab kwa miaka mingi. Hao walianza na kuvunja makaburi ya masheikh wa Kisufi Kismayu mwaka 2008, na ngoma wameiharamisha. Kwa hiyo tarika iliyompa mtumwa safu, na mviko uliompa jina, vyote viwili vimepigwa marufuku kwa jina la dini. Na kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba baadhi ya vijana wa Gosha wameingia humo kwa sababu waliambiwa huko haulizwi mtu ukoo. Ni ahadi ile ile ya masheikh wa tarika, safari hii imeshika bunduki. Serikali ya Mogadishu nayo inawapa sababu: tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, madaraka hugawanywa kwa hesabu ya nne na nusu, koo kubwa nne kila moja sehemu kamili, na makundi mengine yote kwa pamoja, wakiwemo watu wa Juba, nusu. Wote ni Waislamu, na katiba yao inasema raia ni sawa.

Nina ombi kwa walimu wenzangu wa Tanga, na kwa yeyote mwenye jirani au mkwe aliyetoka Chogo. Wale bibi wanaojua majina na ngoma za mama zao mpaka Pangani wamebaki wachache, na wajukuu wao wanasoma shule ambazo bado hazifundishi habari hii. Nendeni na simu zenu, ombeni ruhusa kwa heshima, rekodini. Andikeni majina yote, na kwa kila jina andikeni na ngoma yake. Kisha pelekeni nakala shuleni, msikitini na kwa familia yenyewe, na msiondoe katika masimulizi hayo sehemu inayotuhusu sisi tuliobaki pwani tukipokea nafaka.